Tumbo la Godoro

Ukiingia kwenye kibanda cha mwuza usingizi mchana, jua likiwa limepenya kwenye matundu ya mabati, ungedhani umeingia ndani ya wingu. Sufi ilikuwa kila mahali: kwenye kope zake, kwenye mvi zake, kwenye kikombe cha chai alichosahau kukifunika. Aliichapa kwa fimbo nyembamba mpaka iachane na mbegu, na kila pigo liliinua ukungu mweupe usiokuwa na haraka ya kushuka. Yeye aliketi katikati ya ukungu huo, kitambaa kimefunika pua na mdomo, akishona kingo za godoro kwa shazia, ile sindano ndefu ya kazi yake, na mtu aliyesimama mlangoni ilibidi asubiri kidogo kabla ya kumwona.

Jina la mwuza usingizi alibandikwa na mtani wake, fundi viatu wa kibanda cha jirani, nalo likamganda. Wateja walimwita hivyo, nao walikuwa bado wapo, wale wasiopenda magodoro ya sponji ambayo, kama alivyopenda kusema, humlalia mtu badala ya mtu kuyalalia. Walichokuwa hawakijui wateja hao ni kwamba mwenyewe hakuwa na usingizi hata wa kuazima. Alilala kama abiria aliyekalia begi lake kituoni, sikio moja liko wazi.

Mambo yalianzia mbali. Alipokuwa mdogo, bado wa kubebwa mgongoni, ulipita mwaka ambao watu wazima wa mji ule mpaka leo wanauita mwaka wa milango. Hakuna aliyekumbuka vizuri ulianza na nini. Treni iliacha kuja, watu wakasema itakuja kesho. Maji yakakauka kwenye mabomba. Maduka yakafunga milango yake ya chuma, leo hili, kesho lile, zikafuata zahanati na ofisi, mpaka mtu akitembea barabarani akawa anasikia nyayo zake mwenyewe zikimfuata. Halafu asubuhi moja mji mzima ukaondoka kwa miguu.

Yeye alibaki na kumbukumbu moja tu ya asubuhi ile, nayo ilikuwa ya magodoro. Kutoka mgongoni kwa mama yake aliona barabara nzima ya magodoro yanatembea, chini miguu, juu magodoro, kana kwamba vitanda vilikuwa vimechoka kungoja watu vikaamua kwenda vyenyewe. Baba yake alikuwa chini ya mojawapo. Gunia la maharage lilibaki jikoni nyuma ya mlango, kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha. Huko njiani walilala pazuri na wakashinda na njaa. Dada yake, ambaye alikuwa na umri wa kutembea mwenyewe, hakurudi nao. Hilo hakumsimulia mtu yeyote ila mkewe, na alimsimulia mara moja tu.

Alipokua akajifunza kushona magodoro, na katika miaka ya kushona akapata wazo ambalo halikumtoka tena. Mtu anayekimbia hubeba godoro; hana haja ya kufundishwa, mikono yake yenyewe hulifuata. Na mtu aliyebeba godoro haulizwi amebeba nini. Basi godoro ndilo liwe ghala.

Ndivyo magodoro ya nyumbani kwake yalivyopata matumbo. Kati ya tabaka mbili za sufi alilaza mifuko bapa ya kitambaa kizito, imejaa maharage yaliyochanganywa na majivu ili wadudu wasiyaguse, na juu yake akashindilia sufi ya kutosha ili mbavu zisilalamike sana. Ziliendelea kulalamika. Kila mavuno mapya yalipofika sokoni, alifumua mshono wa ubavuni, akatoa ya zamani, akaweka mapya. Ya zamani yaliliwa, kwa hiyo familia ile ilikula maharage ya mwaka uliopita maisha yake yote, magumu, yanayochemka kutwa nzima na bado yanamtazama mpishi. Fundi viatu alipopita na kuona moshi jikoni tangu asubuhi, alichungulia dirishani akauliza kwa sauti ya upole kama leo wanapika godoro.

Maana siri yenyewe haikudumu. Binti yao wa pekee, alipokuwa mdogo, alikuwa na tabia ya watoto wote ya kulowesha kitanda. Mama aliona aibu, akawa anafuta juu juu na kugeuza upande, bila kumwambia baba. Msimu wa mvua ukapita hivyo. Siku moja, mama alipolitoa godoro la mtoto na kulianika ukutani nje, mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia, na kutoka ndani yake zilikuwa zimetokeza shingo nyembamba za kijani kibichi, zimeinama zote upande mmoja, zikilitafuta jua. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Fundi viatu alivua kofia. Alisema ameishi miaka mingi, ameona mengi, ila godoro lililochipua ndiyo kwanza analiona, na akashauri limwagiliwe.

Tangu siku ile mtoto akaitwa Chipukizi. Shuleni, dukani, kwa bibi zake, Chipukizi. Mwuza usingizi hakucheka. Usiku na mchana alifikiria kitu kimoja tu, kwamba sasa watu wanajua kilichomo kwenye vitanda vyake, na mwaka wa milango ukirudi watajua pa kubisha hodi.

Chipukizi akakua juu ya maharage yake. Alijifunza kubonyeza godoro kwa kiganja na kujua mfuko uko wapi, umejaa kiasi gani, umeanza kuingia unyevu au la, kama watoto wengine wanavyojifunza kutambua embe lililoiva. Akawa msichana mrefu, mcheshi, mkaidi kidogo. Akaolewa na fundi umeme, kijana mpole mwenye makovu ya nyaya kwenye vidole, na wawili hao wakapata chumba upande wa pili wa mji, ng'ambo ya reli, ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo paa ni bapa na upepo haupungui.

Mwuza usingizi alikuwa ameanza kukata kitambaa cha godoro lao kabla hata hawajapanga siku ya harusi. Kitambaa kizuri cha mistari ya bluu. Binti alimfuata kibandani, akaketi juu ya rundo la sufi kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akamtazama anavyopima.

"Baba," alisema, "langu usiliwekee kitu."

Baba aliendelea kupima.

"Nimelalia maharage tangu nizaliwe. Nataka nilale kama mteja."

Mwuza usingizi alishusha kitambaa kilichokuwa kimefunika mdomo. Alitaka kumweleza habari za barabara ile ya magodoro, lakini binti alikwisha kuisikia mara nyingi, na alipoisikia alipokuwa mtoto aliota vitanda vinamkimbiza. Alitaka kumwambia habari za shangazi yake ambaye hakuwahi kuwa shangazi. Hakuweza. Akauliza tu kama ana uhakika. Binti akasema ana uhakika. Akaongeza kwamba anataka ahadi, kwa sababu anamjua baba yake.

"Haya. Tupu," alisema baba. "Nimekuahidi."

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwake kuliko binti alivyoweza kujua. Redio ya fundi viatu, iliyokuwa ikiimba kutwa nzima, ilianza kukatiza nyimbo kwa matangazo. Treni ilikuwa imesimama kwa matengenezo. Wananchi wasiwe na wasiwasi. Foleni ya mafuta ya taa ilizunguka kona, ikaenda mpaka kwenye ukuta wa shule. Mwenye duka wa mtaani aliacha kupanga sabuni kwenye rafu za mbele. Watu walicheka wakasema ni mambo ya msimu tu, lakini mwuza usingizi alijua harufu ile; ilikuwa ni harufu ya chuma cha milango kabla haijafungwa.

Na mbele yake liko godoro la mwanawe, tumbo wazi, linangoja. Mifuko bapa ilikuwa tayari kwenye kona, imeshonwa zamani kwa ajili ya siku hiyo. Mmoja tu, alijiambia. Mwembamba, upande wa miguuni. Aliuchukua, akaulaza, akaufunika kwa sufi, akabonyeza kwa kiganja. Hakuusikia. Lakini binti atausikia. Na hata asipousikia, ahadi itakuwa imelala pale chini ya miguu yake kila siku kama kijiwe kwenye kiatu. Akautoa, akaukalia, akajaza sufi tupu, akafunga mshono upesi upesi kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Fundi viatu alikuja kulitazama lilipokwisha. Akalinyanyua upande mmoja, likaja lote, jepesi kama mkate. Akasema hajawahi kuona godoro zuri namna ile, halafu akamtazama rafiki yake usoni na kwa mara ya kwanza akakosa mzaha.

Chipukizi akaenda na godoro lake. Mama alilia kidogo, baba akajifanya ana sufi kwenye macho.

Haukupita muda mrefu, milango ikafungwa. Kwanza duka la kona, kisha mengine, kama mara ile. Taa zikazimika na hazikurudi. Simu zikanyamaza, zikawa vioo vya kujitazamia. Mji ukaingia katika ukimya fulani mzito, wenye jua kali, ambamo mtu aliweza kusikia jirani akikoroga chungu, au kuku akibadilisha mguu. Siku zilifanana mpaka zikapoteza majina. Nyumbani kwa mwuza usingizi hakuna aliyelala na njaa. Mapipa ya maji yalikuwa yamejaa, mishumaa ilikuwa mahali pake, na mkewe alifumua ubavu wa godoro la wageni, akapika bila haraka. Kila kitu alichokuwa amekiandaa maisha yake yote kilifanya kazi kama saa. Na yeye hakuweza kumeza.

Alijinyoosha kitandani baada ya chakula cha mchana, na maharage chini yake yakamhesabu mbavu. Aligeuka upande huu, akageuka ule. Alimwona binti yake ng'ambo ya reli, amelala juu ya wingu jeupe lisilo na kitu, wingu aliloshona yeye kwa mkono wake mwenyewe. Mawazo yalimpeleka mpaka kwa dada yake, na katika usingizi mwepesi wa mchana nyuso zile mbili zikawa moja, na mtoto yule anatembea, anatembea, na kila akigeuka nyuma ana sura nyingine.

"Baba Chipu," alisema mkewe kutoka mlangoni, "unageuka kama samaki kikaangoni. Kama ni kwenda, nenda. Usinichimbie kitanda."

Akauliza atamwachaje peke yake.

"Sitakuwa peke yangu. Nina godoro langu. Tumbo lake kubwa kuliko lako."

Akacheka kidogo, mwuza usingizi, na kicheko kilimshangaza. Wakaliviringisha godoro lake kadiri lilivyokubali kwa uzito wa kilichomo ndani, wakalifunga kwa kamba. Mkewe aliuliza kama isingekuwa rahisi zaidi kubeba mfuko tu. Akamjibu kwamba mtu mwenye mfuko wa chakula hafiki mbali kwenye barabara za namna ile, lakini mwenye godoro hakuna anayemuuliza kitu. Ndivyo alivyoamini maisha yake yote. Akajitwisha, akatoka.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Chini ya godoro aliona miguu yake tu na kipande kidogo cha lami kikimjia. Ilikuwa kama kutembea ndani ya kumbukumbu yake mwenyewe, ila sasa alikuwa chini na siyo mgongoni, na alijiuliza kama baba yake naye aliona hivi, vidole vya miguu na vumbi, na kama alihesabu pumzi au alifikiria gunia lililobaki nyuma ya mlango. Alipita kituo cha treni, nyasi zimeanza kuota kati ya reli. Alipita uwanja wa soko ambamo meza zilisimama tupu kama ng'ombe wasio na mchungaji. Na ni kweli, hakuna aliyemuuliza amebeba nini.

Kilichotokea kilikuwa kibaya zaidi, na hakukiwazia hata kidogo. Nyuma yake alianza kusikia makomeo yanafunguliwa. Kisha minong'ono. Kisha kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Aligeuka polepole, kwa sababu mzigo haukumruhusu kugeuka upesi, akaona mlangoni mwa nyumba ya pili bibi mmoja mzee, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, anavuta godoro lake nje kwa mikono miwili. Kando ya barabara wazee wengine wa rika lake walikuwa wametokeza, na mmoja alikuwa tayari anafunga mafurushi kwa shuka. Hao ndio walioukumbuka mwaka wa milango. Walikuwa wameona godoro linatembea barabarani.

"Watu wameanza kuondoka?" aliuliza bibi yule. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mwuza usingizi alitua mzigo. Hofu ile aliyoificha kwenye vitanda vyake miaka yote aliiona imesimama mbele yake, mlango kwa mlango, na mara hii ni yeye aliyeileta kichwani.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi ni mshona magodoro. Nampelekea mwanangu hili."

Bibi alimkazia macho, kisha akalitazama godoro lake mwenyewe, lililokwama mlangoni. "Ni wewe uliyenishonea hili?"

"Ni mimi. Rudisha ndani, mama. Hakuna anayeondoka."

Alimsaidia kulirudisha na kulitandika. Akaenda kwenye mlango uliofuata, na mwingine, akisema maneno yale yale, hakuna anayeondoka, na aliporudi kwenye mzigo wake aligundua kwamba moyo wake, ambao ulikuwa ukimdunda tangu nyumbani, ulikuwa umeanza kumsikiliza. Mzee aliyekuwa anafunga mafurushi alifungua fundo, akamsindikiza mpaka mwisho wa barabara, akiwa amelishika godoro kwa nyuma.

Ngazi za nyumba ya Chipukizi alizipanda akipumzika kila ghorofa. Chumba kilikuwa wazi na hakukuwa na mtu. Godoro la mistari ya bluu lilikuwa limetandikwa vizuri kwenye fremu. Alisikia sauti juu, akapanda ngazi ya mwisho kwenda paani, na pale akasimama, godoro bado kichwani.

Paa lote lilikuwa la kijani. Kwenye madumu yaliyokatwa, kwenye makopo ya rangi, kwenye beseni lililopasuka na sufuria isiyo na mpini, maharage yalikuwa yamepanda juu ya nyaya kuukuu za umeme ambazo mkwewe alizivuta kutoka ukuta huu hadi ule. Majani yalitikisika yote pamoja kwa upepo. Binti yake alikuwa amechuchumaa akimwagilia kwa kikombe, na mkwe ndiye aliyemwona mzee kwanza, akaja mbio kumpokea mzigo huku akimwamkia.

Chipukizi alisimama, akajifuta mikono kwenye nguo. Alikuwa amekonda. Mwuza usingizi aliliona hilo kabla ya lingine lolote.

"Mbegu ulizitoa wapi?" aliuliza.

"Godoro langu la zamani. Kiganja kimoja, siku nilipoondoka." Akaangalia pembeni. "Majirani ndio walioleta vyombo."

Baba alisogea akashika shina la mmea mmoja kati ya vidole. Palikuwa na maua, meupe, madogo, mengine yamechanua jana tu.

"Bado, baba," alisema binti. "Ni maua tu. Tunayangoja."

"Mnakula nini?"

Mkwe akatazama viatu vyake.

"Kwenye lako sikuweka kitu," alisema baba. "Ujue hivyo. Nilikuwa na hamu ya kuweka, ila sikuweka."

"Najua. Nililibonyeza lote siku ile ile tulipofika." Binti alitabasamu. "Sikupata usingizi, baba. Laini mno."

Wakalishusha godoro la mzee chumbani, wakalilaza sakafuni. Chipukizi akapitisha kiganja juu yake, polepole, akasimama mahali fulani, akabonyeza. Akachukua kisu, akafumua ubavu mshono baada ya mshono, kama alivyomwona baba yake akifanya kila mavuno, na mifuko bapa ikatoka mmoja baada ya mwingine, mizito, imebeba joto la mwili wa baba yake. Sufi ilitoka nayo. Dirisha lilikuwa wazi, upepo ukaichukua, na chumba kikajaa ule ukungu mweupe wa kibandani, ukipanda na kushuka kwenye mwanga wa jua, ukitua kwenye nywele za mkwe, ambaye hakuwahi kuuona, akawa anageuza mikono yake na kuitazama. Majirani wawili walichungulia mlangoni. Chipukizi aliwapa mfuko mmoja, akawaambia yana majivu, wayaoshe vizuri, na wasikate tamaa nayo jikoni.

Mwuza usingizi alikaa kwenye ukingo wa godoro la mistari ya bluu. Alikusudia kuvua viatu tu. Chini yake hakukuwa na kitu. Alisogea, akatafuta kwa mazoea mahali ambapo punje zingemwambia yuko wapi, hazikuwepo. Mwili ulizama kidogo, ukaendelea kuzama. Alisikia binti yake akimwambia mumewe awashe moto, na maji yakimiminwa, na maharage yakianguka kwenye sufuria kama mvua ya kwanza kwenye bati. Alitaka kusema waweke maji zaidi. Barabara nyeupe ikaja, na magodoro juu yake, lakini yalikuwa yametua, yametandazwa pande zote mbili kwenye kivuli cha nyumba, na watu wamelala juu yake, na mtoto mmoja wa kike mwenye umri wa kutembea mwenyewe alikuwa anapita katikati yao kwa ncha za vidole, akiogopa kuwaamsha.

Binti alimfunika shuka. Maharage ya godoro, kama kawaida yake, yalichemka mpaka usiku ndipo yakaiva, na hakuna aliyemwamsha.